Selo ya Nazaria na Presha ya Baba

Msimu wa mvua kule Urubichá, wajukuu zangu, asubuhi kabla kuku hawajashuka kwenye vijiti vyao, utasikia nyumba hii inakaza kamba za fidla, na ile inakaza kamba. Unyevu wa huko ni mchokozi sana. Fidla unailaza ikiwa imekazwa barabara, ukiiamsha imelegea kama mkia wa mbwa mgonjwa. Ndiyo desturi yao: kwanza kamba, halafu chai, halafu masako, ndizi za kupondwa za kufungulia kinywa.

Lakini Nazaria hakuwa na fidla tena ya kukaza. Mwalimu Ubaldo wa kwaya ya kanisa alimnyang'anya na kumpa binamu yake, Wilder. Yeye akapewa selo, dude la kukumbatia kwa magoti, la kupiga sauti za chini tu. Nota moja ndefu, halafu nyingine ndefu, basi.

"Wewe ndiye sakafu ya wimbo," mwalimu alimwambia.

"Sasa mwalimu, nani anaipigia makofi sakafu?"

Na Wilder naye, mdomo wake hauna mlango. Kila akipita: "Nazaria, mfungulie ng'ombe wako, analia!" Msichana wa miaka kumi na miwili atavumilia mangapi? Akawa mtu wa kununa kutwa.

Halafu, kama vile hiyo haitoshi, baba yake akaugua. Mzee Anselmo, fundi wa kuchonga fidla, alianguka akiwa kazini, patasi mkononi. Presha. Nesi Hortensia alimpima, akampa vidonge, akamlaza kwenye machela ya kuning'inia aliyoifuma mkewe, Petrona.

"Mzee, sikiliza. Barabara imeoza kwa mvua. Presha isiposhuka mpaka jioni, tutakubeba kwa trekta kwenye matope mpaka hospitali ya mjini. Na safari ile, hata mzima inamtoa roho. Kwa hiyo meza dawa, tulia." Akageuka mlangoni. "Na muziki wa taratibu nao unasaidia. Moyo una masikio."

Ah! Mtu husema neno kama hilo Urubichá? Mji ambao hata muuza nyama anapiga fidla?

Haikupita muda, watu hao. Wa kwanza Wilder, kapiga kipande chake cha sikukuu, mbio mbio kama anakimbia nyuki. Wa pili Mzee Nikanori, jirani. Wa tatu shangazi na binti zake. Kila mmoja na upendo wake, kila mmoja na fidla yake. Na nyingi katika hizo, Anselmo ndiye aliyezichonga. Sasa fundi atalalaje?

"Wilder! Kidole cha tatu kipandishe! Kipandishe, unaniua!"

"Tulia, mjomba, hii ni dawa yako."

"Dawa gani! Nikanori, nani kaigusa fidla hiyo? Daraja la kamba limeinama! Nileteeni kisu!"

Mguu wa Anselmo ulikuwa unapigapiga ukingo wa machela, mishipa ya shingo imemtoka. Nesi aliporudi mchana akapima, uso ukambadilika. Presha imepanda zaidi. Akaenda kuulizia trekta.

Nazaria akapasuka. "Tokeni! Wote! Mnampigia nani, yeye au nyinyi?"

"Tazama adabu," shangazi akasema.

"Mwacheni, anaona wivu wa fidla," akasema Wilder.

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa na ukweli wake. Watu wakatoka wakinung'unika. Nazaria akaburuta selo yake mpaka barazani, nyuma ya ukuta wa chumba cha baba. Hakwenda kumtibu mtu, wajukuu zangu, nisiwadanganye. Alikwenda kumalizia hasira. Akauvuta upinde kwenye kamba nene kama anakata gogo. Ikakoroma vibaya. Akavuta tena. Lakini nota ndefu haikubali haraka. Ukiwa na hasira inakwaruza. Ikambidi avute pumzi, aiachie polepole, upinde uende nayo. Akavuta, akaachia. Mabega yakashuka. Hata maneno ya Wilder akayasahau.

Mama Petrona akachungulia, uzi wa kufumia bado mkononi. Nazaria akasimamisha upinde.

"Nimemsumbua?"

"Usiache! Mguu wake umetulia."

"Mama, mkono unauma."

"Najua. Piga, mwanangu."

Akapiga. Mkono ukawaka moto, kidole kikachubuka. Lile somo la nota ndefu alilolidharau akalirudia, na kulirudia. Ndani, kifua cha Anselmo kilipanda na kushuka pamoja na upinde. Katika sauti zile hapakuwa na mbio za kufukuza wala kosa la kuwinda. Mzee akakoroma.

Trekta lilikuwa limeshafika uani, linanguruma, nesi Hortensia alipoinama kupima. Akapima tena, kuhakikisha. Kisha akamwambia dereva: "Rudi nyumbani. Imeshuka."

Akaja barazani, akakaa karibu na Nazaria.

"Vidonge vimefanya kazi yao, na hataviacha, nitahakikisha. Ila dawa bila utulivu ni maji kwenye kikapu. Wale walimletea muziki waliotaka kuupiga wao. Wewe ulimpa ule ambao moyo wake ungeweza kuuegemea. Mwanangu, anayemtunza mgonjwa haulizi 'nionekane vipi.' Anauliza 'huyu anahitaji nini.' Na kazi unayoiona ndogo, ifanye vizuri. Hujui nani amesimama juu yake kama sakafu."

Nyuma yake, kwenye uzio, alisimama Wilder, kofia mkononi. "Nazaria... ng'ombe wako anaimba vizuri."

Kabla hajamjibu, sauti ya usingizi ikatoka ndani:

"Kamba ya tatu imelegea."

"LALA!" wakapiga kelele wote kwa pamoja.