Mama Mkwe Amesafiri

Kila Ijumaa fundi cherehani alifua vitambaa vya altare. Alivifua kwa mkono, akavianika, kisha akavipiga pasi mpaka visibaki na kunjo hata moja. Parokia nzima ilimsifu. Walisema ukidondosha chakula kwenye sakafu ya fundi, okota ule bila wasiwasi. Sifa hizo zilimwingia kichwani, naye hakuzifukuza.

Lakini nyumbani kwake kulikuwa na mlango mmoja uliofungwa daima. Nyuma ya mlango huo alilala mama mkwe wake, ambaye kiharusi kilimpoozesha upande mmoja. Mume wa fundi alikuwa mlinzi wa usiku. Alirudi asubuhi, akamsalimu mama yake pale mlangoni, akaenda kulala. Kazi yote ilimwangukia fundi. Alimlisha mgonjwa, alimwosha, alimsogeza kwa kumvuta na shuka, maana alikuwa peke yake na nguo za wateja zilimsubiri. Baadaye vidonda vikatoka chini ya mgongo na kwenye kisigino. Akavipaka poda ya watoto. Vikazidi. Kisha harufu ikaanza, na mwanamke wa vitambaa vyeupe akaona aibu.

Jumuiya yao ilisali kila wiki nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Mwenyekiti wao alikuwa kinyozi mwenye maneno mengi.

"Fundi, zamu yako unaikwepa," alimwambia siku moja. "Na mama tunataka kuja kumwona."

"Mama amesafiri," fundi akajibu. "Amekwenda kwa binti yake."

Uongo ulimtoka bila kupanga, na ukishatoka haurudi mdomoni. Jioni ile walisali kwa jirani wa upande wa pili wa ukuta. Mwenyekiti akamwombea mama safari njema. Fundi akaitikia amina pamoja na wenzake, macho chini. Wiki zilizofuata waliendelea kumwombea msafiri, naye akaendelea kuitikia.

Hapo ndipo bomba la jirani lilipopasuka. Ilikuwa jioni ya sala, zamu imerudi kwa jirani huyo, na sebule yake imejaa maji. Wanajumuiya wakabaki nje na rozari zao mkononi. Mume wa fundi akawakuta akiwa anakwenda kazini. Habari za safari hakuzijua hata kidogo.

"Mbona mmesimama kama mliofukuzwa?" akawauliza. "Ingieni kwetu. Viti vipo."

Akawafungulia, akashika njia yake. Fundi alitoka uani akakuta watu wanavua viatu mlangoni kwake.

"Jamani, nyumba haijafagiliwa," alisema.

"Ya kwako?" mwenyekiti akacheka. "Basi hata mbinguni hakujafagiliwa."

Fundi aliharakisha kuubana ule mlango wa chumbani, akaziba upenyo wa chini kwa kanga. Kisha akakaa mbele yake, akawa mlinzi kuliko mumewe.

Rozari ilikwenda salama. Ikaja litania. Mwenyekiti akataja jina la mtakatifu, watu wakaitikia, "Utuombee." Akataja tena. Safari hii, nyuma ya watu wote, sauti nyembamba iliyochakaa ikaitikia kutoka chumbani: "Utuombee."

Watu wakageuka. Mwenyekiti, kwa kubabaika, akataja tena. Hakuna aliyeitikia sebuleni. Chumbani sauti ikaitikia peke yake, taratibu, bila kukosea.

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliyenyanyuka ni muuguzi wa zahanati, ambaye wote walimwita Sista ingawa alikuwa na mume na wajukuu. Alimwomba fundi njia kwa macho tu. Fundi akasogea.

Mlango ulipofunguka, harufu ikatoka kwanza. Mama mkwe alikuwa amelala chali, uso ukielekea ukutani. Mwenyekiti akachungulia.

"Mama! Kumbe umerudi?"

Mama mkwe akamtazama, kisha akamtazama mke wa mwanawe.

"Nimerudi," alisema. "Njia ilikuwa mbaya."

Fundi hakuweza kustahimili. Machozi yakamtoka. "Hakwenda popote," alisema. "Mimi ndiye niliyewadanganya. Mama alikuwa humu siku zote. Niliona aibu."

Mwenyekiti alijikuna kidevu akatazama dari. Sista peke yake alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya blauzi.

"Aibu tutaifua kesho," alisema. "Sasa leteni maji ya uvuguvugu na sabuni. Wanaume wangojee sebuleni. Fundi, wewe njoo hapa. Unampa maji ya kunywa kiasi gani?"

Hili lilikuwa gumu kulikiri kuliko la safari.

"Kidogo," alisema. "Nilimpunguzia, ili asilowanishe shuka."

"Basi ndiyo maana mkojo wake ni mkali na unamchoma ngozi. Mpe maji ya kutosha. Akilowa, mwoshe na umkaushe mara moja. Na poda hii?"

"Nilidhani itakausha."

"Inaganda kwenye kidonda na kukichafua. Acha. Vidonda hivi vinakuja kwa sababu mwili unakandamizwa mahali pamoja. Damu haipiti, ngozi inakufa. Dawa ya kwanza ni kumgeuza kila baada ya saa mbili: ubavu huu, kisha ubavu ule. Chali hapana, mpaka kidonda cha mgongo kipone."

"Namgeuza, Sista. Namvuta na shuka."

"Ukimvuta, ngozi inachubuka. Mgonjwa hunyanyuliwa, haburutwi. Tazama." Akamwita jirani, wakapenyeza mikono chini ya mabega na mapaja, wakamnyanyua kwa pamoja na kumlaza ubavu. "Mto mmoja kati ya magoti. Mwingine chini ya miguu, kisigino kibaki hewani. Shuka linyooke, kunjo linaumiza. Hilo la kunyoosha huhitaji kufundishwa."

Hakusema kwa kejeli, lakini fundi alihisi mashavu yanawaka. Vitambaa vya altare havikuwa na kunjo. Shuka la mama lilikuwa na mikunjo iliyoacha alama mwilini mwake.

"Ukiona mahali pamekuwa pekundu, usipasugue," Sista aliendelea. "Usimlalishe juu yake. Mlishe mayai, maharage, samaki, mwili upate cha kujengea. Kidonda cha mgongoni kimeingia ndani na kinanuka, hicho si cha kutibu nyumbani. Kesho zahanati."

"Sitaweza peke yangu," fundi alisema kwa sauti ndogo.

"Nani kasema uwe peke yako? Kunyanyua ni kazi ya watu wawili. Jumuiya si ya kuimba tu."

Wakapanga zamu palepale, kama wanavyopanga za sala. Jirani akachukua asubuhi. Muuza mboga akachukua mchana. Mwenyekiti alisema atakuja na mkasi wake kumpunguza mama nywele, na kwamba kwa mteja huyu atajitahidi kunyamaza. Mume naye alipoambiwa yote, alikiri kwamba na yeye alikuwa akiishia mlangoni. Tangu siku hiyo akirudi kutoka kazini ananyanyua upande wa mabega.

Kisigino kilipona kwanza. Kidonda cha mgongo kilichukua muda, lakini kikaanza kujaa nyama mpya, na harufu ikakoma. Mama mkwe akaweza kukaa kitini kwa mito. Mlango ukaachwa wazi.

Mchana mmoja fundi alikuwa akimchana nywele. Alijipa moyo akamwuliza.

"Mama, tulipokuwa tunasali kwa jirani, ulikuwa unatusikia?"

"Ukuta wenyewe mwembamba. Nilisikia yote. Hata mlivyoniombea safari."

Kitana kikasimama. "Mbona hukuita?"

"Ningeita, mwanangu, ungeaibika mbele ya wenzako."

"Na siku ile?"

"Siku ile nilisahau," mama mkwe alisema, kama anayeomba radhi. "Litania ikianza, mdomo unakwenda wenyewe. Nisamehe."

Fundi aliweka kitana chini. Saa ya kumgeuza ilikuwa imefika. Akamwita jirani, akapiga magoti, akapenyeza mikono yake chini ya mabega ya yule mama, na hakuweza kumtazama usoni.