Panya Aliyeacha Mstari

Saa kumi na dakika tano alasiri, Jumatano, panya aliacha mstari kwenye kona ya pili.

Hakuwa panya wa kukimbizwa na paka. Alikuwa roboti wa kutosha kiganjani, aliyeundwa kwa vipande vya kasha la vifaa ambalo shule huwaazima wanafunzi kwa zamu: mota mbili, magurudumu mawili ya mpira, betri, na macho mawili chini ya pua. Macho hayo husoma utepe mweusi uliobandikwa kwenye ubao mweupe. Akiuona utepe, anaufuata. Akiupoteza, anatangatanga.

Binti alimrudisha mwanzoni. Safari hii aliacha mstari kwenye kona ya kwanza. Ubao ulikuwa umejaza nusu ya sebule, na watu walipita kwa kujibana ukutani.

“Huyo wenu kalewa,” bibi alisema kutoka kwenye kochi.

Binti hakucheka. Ijumaa mwalimu angewapima panya wote. Kila mmoja angezunguka mara tatu, na mzunguko usizidi sekunde ishirini na mbili. Atakayeshindwa, kasha lake angepewa mwanafunzi mwingine. Binti alikuwa ameingoja zamu yake mwaka mzima.

Jumapili panya alikuwa akizunguka vizuri, kwa sekunde ishirini na sita. Ndipo wakaanza kumboresha. Binti alipandisha namba ya mwendo, kwa kitufe cha mgongoni, kutoka mia moja hadi mia moja sitini. Akasogeza betri nyuma. Baba, ambaye ni fundi baiskeli, alimhudumia panya kama anavyohudumia baiskeli. Tangu hapo hakumaliza mzunguko hata mmoja. Binti alibadilisha hiki, akabadilisha kile, akatafuna kifuniko cha kalamu mpaka kikapasuka.

Jioni hiyo jirani alikuja kumjulia hali bibi. Kazi yake ni kurekebisha mizani za madukani. Binti alimwamkia bila kuinua macho kutoka kwenye ubao. Jirani alisimama akatazama panya akitoka mara mbili, kisha akauliza wamebadilisha nini.

“Vingi tu, shangazi.”

“Vingi ni vingapi?”

Binti alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

“Mimi mizani ikikosea, sigusi skrubu mbili kwa pamoja,” jirani alisema. “Nikizigusa zote ikapona, sitajua ipi iliyoponya. Ikiharibika zaidi, sitajua ipi iliyoharibu. Rudisha kila kitu kama kilivyokuwa Jumapili.”

Binti alirudisha betri mahali pake. Akarudisha mwendo mia moja. Panya aliondoka polepole, akafika kona ya pili, akateleza, akatoka.

“Si nimerudisha vyote?” binti aliuliza.

“Basi kuna kimoja hakijarudi.”

Jirani alimgeuza panya, akapitisha kidole kwenye mpira wa gurudumu. Kidole kiling'aa.

“Kaka,” alimwita baba aliyeketi pembeni, “ulimfanya nini huyu?”

Baba aliinuka, akaketi, akainuka tena. “Tone moja la mafuta. Kwenye ekseli.”

“Moja?”

“Na moja la kuongezea.”

Bibi alisema kwamba mwanawe huyo aliwahi kutia mafuta komeo la mlango wa choo, na tangu siku ile mlango hujifungua mtu akiwa ndani.

Jirani alieleza. Kwenye baiskeli, ekseli, chuma cha katikati ya gurudumu, iko mbali na tairi. Kwa panya huyu ziko karibu mno, na mafuta yalitambaa hadi kwenye mpira. Macho yaliona kona na kutoa agizo sahihi, lakini gurudumu liliteleza. Dawa yake ni kitambaa safi chenye spiriti kidogo, kisha kuacha mpira ukauke.

Baba mwenyewe alifuta. Panya alizunguka mara tatu: ishirini na sita, ishirini na sita, ishirini na sita.

Kabla ya kuondoka, jirani alimchorea binti jedwali kwenye daftari. Badiliko moja, mizunguko mitatu, matokeo yaandikwe. Ndipo badiliko lingine.

Alhamisi binti alipandisha mwendo hadi mia moja ishirini: sekunde ishirini na nne, mara tatu. Mia moja arobaini: ishirini na mbili mara mbili, kisha akatoka. Alitamani kuruka hadi mia moja sitini. Badala yake aliacha mwendo pale pale, akasogeza betri mbele kwa upana wa kidole. Pua iliyokuwa ikiruka ilitulia: ishirini na mbili, mara tatu. Mia moja hamsini: ishirini na moja, mara tatu. Mia moja sitini: alitoka. Alitoka. Alitoka. Akarudisha mia moja hamsini, akafunga daftari.

Ijumaa shuleni, makasha yote yaliwekwa mezani kwa mwalimu. Panya wa kwanza kupimwa alizunguka kwa sekunde kumi na tisa. Darasa lilinong'ona. Kidole cha binti kilienda kwenye kitufe cha mwendo. Alifungua daftari, akasoma mstari wa mwisho, akaondoa kidole.

Mwalimu alimwomba baba, aliyekuja kutazama, ampange panya mwanzoni mwa mstari. Baba alirudi hatua moja, akaonyesha viganja vyake, vyeusi kwa mafuta.

“Nimetoka kazini, mwalimu. Mwache mwenyewe ashike.”

Ishirini na moja. Ishirini na moja. Binti hakuweza kusimama mahali pamoja. Alizunguka ubao akimfuata panya.

Saa tisa na dakika arobaini, panya alivuka mstari wa mwisho kwa mara ya tatu. Mwalimu aliandika ishirini na moja, kisha akamrudishia binti kasha.