Nani Alifunga Waya?

Gari jipya la Talib lilikuwa halijawashwa tangu jana, lakini alipofungua mlango, ndani kulinuka waya ulioungua. Akaufunga upesi. Harufu ile aliijua.

Pale kijiweni wenzake walikuwa wanabishana. Wenye magari wa Kibiti, wape kahawa tu, watamhukumu hata aliye ng'ambo ya bahari.

"Marehemu Zaidi kauawa na kiwanda!" Muharami alifoka. "Gari linawaka moto lenyewe pale Mtawanya, mtu yumo ndani! Waliolitengeneza wajibu!"

"Kiwanda gani, na gari limeshapita mikono ya watu chungu nzima?" Bashiru akamkata. "Tuulizane kwanza sisi, tunavyoyaungaunga haya magari."

"Ni kiwanda," alisema Talib. "Gari lilikuwa langu. Najua."

Mwongo mkubwa! Fyuzi ya gari lile ilikuwa inaungua kila siku, naye kwa uvivu wa kutafuta ubovu akaitoa, akafunga waya mtupu mahali pake, usiokatika hata umeme ukizidi. Kisha akampa shemeji yake Zaidi aende nalo Utete, bila kumwambia neno. Na Zaidi alikuwa kaka wa mkewe Mwanamina, tumbo moja. Mwanamina akijua, ndoa imekwisha. Hilo ndilo lililokuwa linamkaba Talib kila akitaka kusema.

Alasiri, Bi Tabu mganga akaja kulifukiza gari ubani, kama yanavyofukizwa magari mapya pale, na wenzake Talib wakaja kushuhudia. Mwanamina akaketi kiti cha mbele, chetezo miguuni. Moshi ulipopanda haukunuka ubani, ulinuka waya, na honi ikalia bila kuguswa, milango ikajifunga mmoja baada ya mwingine, Mwanamina akatetemeka macho yamegeuka meupe matupu, na kinywani mwake ikatoka sauti ya Zaidi, ile ile yenye kikohozi, ikiuliza taratibu mno: "Shemeji... nani alifunga waya?"

"Si marehemu huyo," Bi Tabu alimnong'oneza Talib. "Ni jini, limeazima sauti yake. Linakaa penye uongo. Lijibu kweli, litakwenda zake. Ukilidanganya, litahama tu."

Talib akawatazama Muharami na Bashiru. Akamtazama mkewe nyuma ya kioo. Ya Rabi, alivyotamani kusema!

"Kiwanda," akasema.

Honi ikanyamaza. Milango ikafunguka, harufu ikapotea kabisa, Mwanamina akazinduka akiomba maji, na watu wakamshukuru Mungu. Bi Tabu hakushukuru. Alimwaga makaa yake mchangani akaondoka bila kuaga.

Talib akaleta maji, akamwinamia. "Pole, mke wangu."

Mwanamina akarudisha uso nyuma, kiganja puani.

"Baba Siti," akasema, na safari hii sauti ilikuwa yake mwenyewe, "mbona kinywa chako kinanuka waya?"

Talib akafungua kinywa amjibu. Moshi ukatangulia.