Kisanduku Kisichopitisha Kitu

Hadi leo hakuna anayejua ile sauti iliingiaje, maana redio iliyokuwa ndani ya kisanduku haikuwa na betri.

Karakana yao ilitengeneza visanduku vya plastiki iliyochanganywa na unga wa kaboni, vya kufunikia mitambo ya mashine za hospitali ili mawimbi ya simu yasiivuruge. Kila kimoja kilijaribiwa kwa redio ndogo: ukifunga kifuniko redio ikanyamaza, kimefaulu. Asubuhi hiyo mpimaji alisahau kutia betri. Akafunga. Kukawa kimya. Kisha mtu akacheka mle ndani.

"Hiki kinafaa," ilisema sauti, kwa dharau ya mtu anayekagua chumba cha kupanga. "Nakaa."

Pakanuka nywele zilizoungua. Mchanganyaji, mama wa makamo waliyemwita Shangazi, akaweka koleo chini. Mjukuu wake, aliyezaliwa kabla ya siku zake, alikuwa amelazwa hospitalini kwenye mashine ya joto iliyokuwa ikingoja kisanduku kutoka kwao.

"Usikifungue, mwanangu," akamnong'oneza mpimaji.

"Jini la plastiki!" Mhandisi akabeua midomo. "Shangazi, na wewe umeanza? Kibovu hicho. Kisagwe, kiyeyushwe, tutoe vingine." Ndivyo walivyofanya kwa kila kilichoharibika.

"Kisagwe," sauti ikaitikia. "Nitapata vyumba vingi."

Mganga akaletwa mchana. Akafukiza ubani, akasoma, lakini moshi ulipofika kwenye kisanduku uligeuka ukamrudia usoni, na kadiri alivyopaza kisomo ndivyo yule wa ndani alivyopiga mwayo, mwayo mrefu wenye unyevu uliozunguka karakana nzima, ukapita nyuma ya shingo zao mmoja mmoja, mpaka ukamfikia Shangazi, ukageuka kilio chembamba cha mtoto mchanga anayetafuta pumzi.

"Mmeziba wenyewe," mganga akasema, jasho likimtiririka. "Dua haiingii. Na mkikifungua, atatoka."

Mwenye karakana akaamua: kisifunguliwe, kisisagwe, kizikwe ndani ya zege. Alipouliza nani atakibeba, kila mtu akaanza kutazama viatu vyake.

"Waoga nyie," Mhandisi akacheka, akakitia kisanduku kwapani. "Nipeni mimi."

Shangazi alimkimbilia, lakini mlango wa chumba cha nyuma ulikwisha kufungwa kwa ndani, na mashine ya kusagia ilikuwa inaunguruma.