Rangi Iliyobanduka Siku ya Uhuru

Mambo yaliharibika Ijumaa, tarehe 9 Desemba 1983, siku ya Uhuru, saa nne asubuhi, shuleni Iyula. Ferista wa darasa la sita alikuwa amesimama nyuma ya meza ya maonyesho, blauzi yake nyeupe pee.

"Leo unang'aa kama muuguzi!" Watson alimtania. "Sisi wenzako tumefua kwa majivu. Wewe umefulia nini?"

"Nyamaza, wewe," Ferista alijibu, akatazama pembeni.

Mezani palikuwa na kijiji cha ujamaa kilichofinyangwa kwa udongo, na wakulima wake ishirini. Wakulima hao walikuwa askari wa plastiki laini, vitu vya kuchezea ambavyo Mwalimu Nesta alivipata Tunduma kwa mchuuzi wa Zambia. Wanafunzi walizikata bunduki kwa wembe, wakaweka majembe ya waya. Enoka, bingwa wa kuchora, aliwapaka rangi kwa ncha ya unyoya wa kuku, ulimi nje, hata vifungo vya mashati vikaonekana.

Kabla ya rangi, kazi ya kuwaosha alipewa Ferista. "Plastiki hii inatoka kiwandani na mafuta," mwalimu alimwambia, akimkabidhi kipande cha sabuni. "Yasipotoka, rangi haitashika."

Mwaka ule sabuni ilikuwa haionekani madukani. Ferista aliwachovya askari mtoni, akawakung'uta, basi. Sabuni aliificha, akaenda nayo nyumbani kufulia blauzi.

Sasa mwenyekiti wa kijiji alimchukua mkulima mmoja, akamkunja mguu. Rangi ikabanduka kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Akajaribu wa pili. Shati zima likabaki vidoleni mwake.

"Loo! Wakulima wenu wanavuliwa nguo hadharani!" Watu wakaangua kicheko. "Nani amepaka hii?"

"Mimi, mzee," alisema Enoka.

"Umeizimua rangi kwa mafuta ya taa, nyingine umepeleka kwenu. Mwizi mdogo wewe! Mwalimu, huyu apate viboko sita, na rangi ya shule asiiguse tena."

"Sikuiba, mzee. Haki ya Mungu, sikuiba."

Midomo ya Enoka ilikuwa ikimcheza. Ferista alihisi ile blauzi inamchoma mgongo. Mbele yake, katikati ya wazazi, alikuwapo baba yake, Jairo. Angesemaje mbele yake?

"Mwalimu, ni mimi." Sauti ilimtoka nyembamba. "Sikuwaosha kwa sabuni. Nilifulia blauzi hii."

Ferista aliinamisha kichwa, machozi yakidondokea weupe ule alioutamani sana.

Jairo, aliyefiwa na mkewe mwaka uliotangulia, alisogea hadi mezani. Wote walidhani atampiga.

"Mwombe radhi mwenzako," alisema tu.

"Enoka, nisamehe."

"Ungeniambia," Enoka alinong'ona. "Nimeitwa mwizi mbele ya mama yangu."

Jumatatu, Mwalimu Nesta alileta kipande cha sabuni kutoka kwake. Ferista aliwakwangua wakulima, akawasugua mmoja mmoja, akawaanika mpaka wakakauka kabisa. Enoka akawapaka upya. Ijumaa iliyofuata wazazi waliitwa tena. Watson alimkunja mkulima mmoja hadi kichwa kikagusa kisigino. Rangi haikutoka hata chembe.

"Mtoto mkweli huyu!" mwenyekiti alisifu. "Mzee Jairo, una neno?"

"Ninalo. Mwanangu, uliikwepa kazi ukidhani hakuna atakayejua, na aibu ikamwangukia asiye na kosa. Kila utakaposhika kazi, kumbuka uso wa Enoka siku ile. Lakini ulisema kweli huku unatetemeka, na mimi nimekusamehe."

Kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Mtoto ameeleza kipande kimoja kilikokwenda, mbele yetu sote. Na zile katoni nne za sabuni zilizoshushwa duka la kijiji mwezi wa kumi, tukaambiwa zimekwisha kabla mlango haujafunguliwa, zilikwenda wapi, mwenyekiti?"