Maji Yana Joto, Leo Hatuvui

Nina kosa la kukuambia. Nilipokuwa mdogo nilimdanganya baba yangu, na samaki nusura afe. Namshukuru Mungu, Baba alinisamehe. Sasa sikiliza.

Nilikuwa na miaka saba. Jina langu Nyawira. Tuliishi chini ya mlima, penye mashamba ya chai. Karibu yetu mto ulipita, chururu, chururu.

Mtoni waliishi trauti. Trauti ni samaki wa madoa madoa, anapenda maji baridi.

Baba alikuwa mlinzi wa mto. Alinichongea mwanzi wa kuvulia. Mwanzi wangu mwenyewe.

Lakini kiangazi kilikuwa kikali. Kila mchana Baba alifunga kipimajoto kwenye kamba, akakitumbukiza mtoni. Chubwi. Mstari ukapanda hadi kwenye alama nyekundu.

"Maji yana joto, Nyawira. Leo hatuvui."

Jumatatu, chubwi.

"Maji yana joto, Nyawira. Leo hatuvui."

Jumanne, chubwi.

"Maji yana joto, Nyawira. Leo hatuvui."

Nikakunja uso. "Kwani hawa samaki wana nini? Mimi naogeshwa maji moto na silalamiki."

"Unalalamika kila siku," Baba akasema. "Maji yakiwa na joto, trauti hapati pumzi vizuri. Ukimvua anachoka sana. Hata ukimrudisha, anaweza kufa."

Jumatano, chubwi. Sikungoja Baba aseme.

"Najua, najua. Maji yana joto, leo hatuvui. Aa, Baba, nimechoka mimi."

Alhamisi Baba alitumbukiza kipimajoto, akaenda kufunga mbuzi. Nikakichomoa haraka. Nikakitia kwenye mtungi wangu mdogo wa maji ya kunywa. Maji baridi kabisa. Mstari ukashuka, ukashuka. Nikakishika kwa kamba juu ya mto, kana kwamba nimekitoa mtoni.

"Baba, njoo uone. Maji yamepoa."

Baba akatazama. Akaniamini.

Nikavua. Mwanzi ukapinda. Nikavuta, nikavuta. Akatoka trauti, mdogo kama kiganja changu.

"Huyu bado mtoto," Baba akasema. "Mrudishe akakue."

Chubwi. Lakini samaki hakuogelea. Alilala ubavu. Mdomo ukafunguka, ukafungika. Pwa, pwa.

Nikaanza kulia. "Baba, nilikudanganya. Kipimajoto nilikitia mtungini."

Baba akachukua ndoo. Halafu akauliza, "Maji ya mtungini uliyateka wapi?"

"Pale chemchemi inapoingia mtoni."

"Basi kimbia."

Baba akamchota samaki kwa ndoo. Tukakimbia. Tukamweka kwenye maji baridi ya chemchemi. Nikamshika polepole kwa mikono miwili.

Pwa, pwa.

"Ee Mungu, kosa ni langu, si lake," nikasema.

Pwa.

Mkia ukatikisika. Chubwi. Akaenda zake.

Wiki iliyofuata mvua ikanyesha mlimani. Baba akanipa kipimajoto mkononi.

"Soma wewe, Nyawira."

"Mimi? Na nilikudanganya?"

"Wewe. Soma."

Chubwi. Nikasoma vizuri, mara mbili. Mstari ulikuwa chini kabisa.

"Maji ni baridi, Baba. Leo tunavua."

Jioni tulikula trauti mkubwa kwa ugali. Tukasali. Nikalala fofofo, na mto ukapita, chururu, chururu.

Nawe mwanangu, nakuomba kitu kimoja tu. Maji yakiwa na joto, waache samaki wapumue.