Karatasi Saba Chini ya Godoro

Hapana, cherehani haikuibwa. Ilichukuliwa mchana kweupe, majirani wakitazama. Tulieni niwaeleze.

Mama mmoja alikuwa fundi wa nguo, akikaa na bibi na binti yake wa darasa la sita, mwembamba hadi wenzake wakamwita Sindano. Cherehani aliinunua kwa mkopo. Sasa akaumwa miezi miwili, malipo yakachelewa. Basi kila Sindano akirudi shule, hajavua hata viatu, hodi. Mkusanya madeni.

"Mama yupo?"

"Hayupo. Shikamoo."

"Marahaba. Mpe karatasi hii."

Na mama yumo chumbani, usingizi wa dawa umemchukua! Sindano alidhani anamkinga mama. Karatasi akazisokomeza chini ya godoro lake bila kuzisoma, mama asije akapandwa na presha. Kumbe kila moja ilidai ada ya kumfuata mdaiwa na kumkosa. Safari saba, ada saba, deni likanenepa kuliko cherehani yenyewe. Mara ya nane wakaja na mkokoteni kuichukua.

"Kaka, si ungeniambia?" mama alisema, mkono haujabanduka kwenye cherehani. "Ningelipa kidogo kidogo."

"Nimekuja mara saba, dada. Muulize binti yako."

Mama akamtazama Sindano. Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza.

Mwezi uliofuata wabunge walikuja ukumbi wa mji kusikiliza maoni kuhusu muswada wa kuwazuia wakusanya madeni kujitungia ada. Sindano akasimama na karatasi zake.

"Nilidanganya mara saba," alisema. "Lakini ada hizi hazimo kwenye mkataba wa mama."

Mbunge mmoja alizisoma zote, kisha akavua miwani.

Muswada ukapita, zile ada zikafutwa. Lakini cherehani ilishauzwa, na sheria haikuweza kuirudisha. Siku habari hizo zilipofika, Sindano alilia mpaka kwikwi.

"Mwanangu," mama alimwambia, akiweka chini shati alilolishona kwa mkono, "najua ulinificha kwa kunipenda. Ila ungeniambia ukweli, ningeamka nikaongea naye. Sheria itawazuia wale. Uongo wa humu ndani tutauzuia wenyewe. Haya, nawa mikono."

Bibi akapakua. Wakatandika mkeka pale cherehani ilipokuwa, maana sasa palikuwa na nafasi, wakakaa wote watatu, wakala.